Ukishuka Mlimani Umebeba Nini?

Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa Tarime na Serengeti



 

Makanisa yetu hupeleka watu kwenye mikutano ya mbali. Wengine huenda kwenye mafungo. Mafungo ni kukaa kando na kazi na kelele za nyumbani, siku mbili, tatu au zaidi. Mtu husali, husoma Biblia, na huupima moyo wake. Vituo vingi vya namna hii viko milimani, mahali penye utulivu. Kwa mfano, huko Kenya, karibu na Limuru, kuna kituo cha Brackenhurst. Kiko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya chai. Zamani kilikuwa hoteli. Baadaye Wabaptisti wakakifanya kituo cha mikutano.

Sasa, watu huuliza: "Mura, unalipa nauli, unaacha ng'ombe na shamba, unakwenda kukaa mlimani. Faida yake nini?" Swali hili ni zuri. Tulijibu kwa kutazama mambo yaliyotokea.

Kabale ni mji wa milimani, kusini magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Mwaka 1935 Wakristo walikusanyika huko katika mkutano mkubwa. Wahubiri walitoka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni. Daktari wa hapo alikuwa Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929 alikutana mjini Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja kama ndugu. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu hapo Gahini. Naye alihubiri Kabale.

Je, watu walirudi na nini kutoka Kabale? Hawakurudi na nyimbo tu. Waliotubu walirudisha mali waliyoiba. Walilipa madeni. Walikwenda kwa adui zao kuomba msamaha. Jirani aliyeona jembe lake lililopotea likirudishwa mlangoni hakuhitaji kuelezwa maana ya toba.

Uamsho ule ulivuka mipaka. Mwaka 1942 ulifika Shirati, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime, na sasa iko Rorya. Wamisionari wa Kimennonite walikuwa wameanza kazi hapo mwaka 1934. Waafrika na Wazungu, na watu wa makabila mbalimbali, wakaungama makosa yao na kusameheana. Mmoja wa watu wa uamsho ule alikuwa Zedekia Kisare. Mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania.

Angalieni jambo moja. Shirati si mlimani. Iko karibu na ziwa. Kwa hiyo mlima peke yake haumbadilishi mtu. Mlima humpa nafasi ya kufikiri tu. Kazi yenyewe inamngoja nyumbani.

Na sisi nyumbani kwetu kuna kazi. Koo zetu zimepigana mara nyingi kwa sababu ya ng'ombe na mipaka ya mashamba. Watu wamekufa, nyumba zimechomwa. Mtu akirudi kutoka mafungoni, na zizini mwake mna ng'ombe wa wizi, amerudi na nini?

Tena kuna ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana mwenye umri chini ya miaka 18. Hata hivyo, wasichana wetu wamelazimika kukimbilia nyumba za hifadhi, kule Masanga, Tarime, na kule Mugumu, Serengeti. Hawakukimbia simba. Walikimbia nyumbani kwao. Basi baba anayesali mlimani mwezi wa nane, halafu mwezi wa kumi na mbili anampeleka binti yake kwa ngariba, ajiulize alisali nini. Na mama pia ajiulize.

Ndugu zangu, sisemi watu wasiende. Nendeni. Lakini tushike mambo haya:

Kwanza, tuchague mtu anayejua kusoma na kuandika, mwanamume au mwanamke. Mama aliyehitimu kisomo asiachwe nyumbani kwa sababu ni mama. Apewe nafasi, na mumewe aangalie watoto siku hizo.

Pili, tusiuze chakula cha watoto ili tupate nauli. Tuchange mapema, kidogo kidogo, na mweka hazina aandike kila senti.

Tatu, anayevuka mpaka, kwa Sirari au Mutukula, aulize mapema ofisi ya uhamiaji kuhusu hati ya kusafiria. Tena achukue sweta na blanketi. Baridi ya milimani haina mchezo.

Nne, achukue daftari na kalamu. Aandike aliyosikia. Akirudi, awasomee wenzake waliochanga.

Tano, na hili ndilo kubwa: achague jambo moja la kutengeneza nyumbani. Deni alipe. Ng'ombe wa mtu amrudishe, mbele ya wazee. Ugomvi aumalize. Binti aachwe asome.

Nawaachieni maswali ya kujadili katika kundi lenu:

1. Watu waliotoka Kabale walifanya nini nyumbani kwao?
2. Katika kijiji chetu, ni ugomvi gani unaongoja mtu wa kwanza kuomba msamaha?
3. Nani atakuwa wa kwanza?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo. Jibuni kwa vitendo.