Uaminifu Kazini na Kumcha Mungu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Mimi si shehe wala si padre, wala sikuja kuwafundisha dini. Ni karani kama ninyi, niliyeshika kalamu na ufunguo wa kasha la fedha kwa miaka mingi. Nataka kusema juu ya jaribu moja tulijualo sote, na juu ya dawa yake.

Tangu zamani vyama kama hiki ni vya watu wa dini zaidi ya moja. Mwaka 1922, makarani wa Tanga wakiongozwa na Martin Kayamba walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu na Wakristo walikuwamo pamoja. Kwa hiyo nimetafuta mfano tunaoukubali sote, nao ni Yusufu. Habari zake zimo katika Kitabu cha Mwanzo, tangu mlango wa 37, na katika Kurani sura ya 12, yenye aya 111, iitwayo kwa jina lake. Tena nimemchagua kwa kuwa yeye naye alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye kutunza mali isiyo yake.

Mwazijua habari zake. Kitabu cha Mwanzo chasema alikuwa kijana wa miaka 17, nduguze wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Alipofika Misri bwana wake alimwamini, akamweka juu ya mali yake yote, hata asiulize tena habari za vitu vyake. Hapo ndipo jaribu lilipomjia. Halikumjia alipokuwa shimoni hana kitu, bali alipokwisha kuaminiwa. Mke wa bwana wake alimtaka, na milango imefungwa, na shahidi hapana. Yusufu akamkumbuka Mungu, akakataa, akakimbia.

Je, alipata malipo gani? Alipata kifungo. Ndugu zangu, mahali hapa twapapita upesi mno. Twapenda kufika pale mfalme alipomtukuza, lakini siku ile Yusufu alikuwa amekwisha kuwa na miaka 30. Tangu kuuzwa kwake ilikuwa imepita miaka 13, na baadhi yake aliipitisha gerezani bila kosa. Mtu aliye mwaminifu kwa kutumaini kupandishwa cheo hawezi kustahimili hayo. Mwaka wa kwanza cheo kisipokuja atanung'unika, na mwaka wa pili atatia mkono kashani.

Sasa niruhusuni niseme habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu. Zamani, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mtoto wangu aliugua sana, nami mfukoni sina kitu, na mshahara ungali mbali. Ufunguo wa kasha ulikuwa mkononi mwangu, na mkaguzi wa hesabu alikuwa amekwisha kuondoka juma lililopita. Sikusema moyoni mwangu, "Nitaiba." Hapana karani asemaye hivyo. Nilisema, "Nitakopa, na mwisho wa mwezi nitarudisha." Nikafungua kasha, nikahesabu noti, nikazitia mfukoni.

Saa ile ilikuwa ndiyo saa niliyozoea kusali. Nawaambieni kweli, sikutaka kusali, maana nilijua kwamba siwezi kusimama mbele ya Mungu na noti zile mfukoni. Nilikaa kitini nikashindana na nafsi yangu muda mrefu. Mwisho nikazirudisha, nikafunga kasha, nikaenda kwa mzee mmoja wa ofisi yetu nikamweleza shida yangu yote. Naye hakuwa na fedha, lakini alinitafutia mtu wa kununua baisikeli yangu jioni ile ile. Mtoto alipata dawa. Nami nilikwenda kazini kwa miguu zaidi ya mwaka, jua na mvua, na wengine wakanicheka.

Basi kwa habari hiyo nilifahamu kazi ya ibada. Sala haikunitilia fedha mfukoni, wala haikuniondolea shida. Ilinichelewesha mkono tu, mpaka akili ikarudi. Lakini kama nisingalikuwa na desturi ya kusali siku ambazo sina shida, siku ile ya shida nisingalikuwa na kitu cha kunizuia. Haba na haba hujaza kibaba. Maneno haya ni kweli kwa senti zinazoibwa, na ni kweli pia kwa sala za kila siku.

Kwa hiyo naomba niwape mashauri matatu. La kwanza, usifungue kasha asubuhi kabla hujamkumbuka Mungu wako, kila mtu kwa dini yake. La pili, usikope katika fedha za watu hata senti moja, hata kwa saa moja, kwa maana jina la mkopo ndilo vazi ambalo wizi huja nalo ofisini. La tatu, ukibanwa na shida, mweleze mwenzio mapema. Na wewe unayeelezwa usimcheke, bali msaidie. Kwa maana chama kisichowasaidia watu wake katika dhiki hakina haki ya kuwalaumu wakianguka.

Namalizia kwa Yusufu. Alipowekwa juu ya ghala za Misri, katika miaka 7 ya shibe alikusanya nafaka nyingi mno, hata, kama Kitabu cha Mwanzo kisemavyo, wakaacha kuihesabu. Fikirini jambo hili, ninyi wenye kuandika madaftari. Nafaka isiyohesabiwa, na njaa ya miaka 7 yaja, na ufunguo u mkononi mwa mtu mmoja! Mkaguzi gani angaliweza kumkamata? Lakini watu walipoona njaa waliikuta nafaka ghalani, wakala, wakaishi. Uhai wao ulilindwa siku ile kijana mmoja, mtumwa katika nyumba ya mgeni, alipokataa nyuma ya milango iliyofungwa.

Ndugu zangu, nasi tumeshika funguo. Hatujui ni nani atakayekuja kesho dirishani petu akiwa na njaa. Mungu atujalie atukute tumetunza.