Hotuba kwa Vijana Wapigao Kura

Ndugu zetu vijana,

Mwasema kura ni kazi bure. Hatuwalaumu: tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, na jasho la wapiga kura likenda na maji. Shaka yenu ina sababu.

Lakini kumbukeni Januari 1961. Kiti cha Chake-Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Wangalibaki nyumbani watu wawili, kiti kingalikwenda kwingine. Barazani viti vikawa 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa Juni.

Na tarehe 31 Julai 2010 ni kura iliyoridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, karibu theluthi mbili wakikubali.

Basi jiandikisheni, pigeni kura, hesabuni, ulizeni. Mchagua jembe si mkulima.