Karatasi ya Maabara na Macho ya Mtoto

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wazazi na wahamasishaji wa afya ya jamii)

 

Mimi si daktari. Nilisomea uanahabari, na huko tulifundishwa kutoamini tarakimu inayokuja bila maelezo. Leo tusome pamoja karatasi ya maabara anayopewa mzazi ambaye mtoto wake ana baridi yabisi.

Ndiyo, watoto huipata. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 akivimba kiungo kwa wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kuonekana, hiyo huitwa baridi yabisi ya watoto. Asubuhi anachechemea, ikifika saa tano anakimbia na wenzake, nasi tunasema anadeka.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari huutambua kwa kushika viungo na kusikiliza historia ya mtoto. Kazi kubwa ya damu ni kuonyesha hatari iko upande gani.

Tazama herufi ANA. Hizo ni kingamwili zinazolenga kiini cha seli za mwili wenyewe. Wapo watoto wenye afya njema ambao ANA yao ni chanya, kwa hiyo usikimbilie maabara kila mtoto anapolalamika mguu. Lakini kwa mtoto ambaye tayari ana baridi yabisi, hasa aliyeanza kuugua kabla ya miaka 7, ANA chanya humaanisha macho yako hatarini.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Uvimbe huu huwa ndani ya jicho. Mara nyingi jicho halipati wekundu, haliumi, wala halitoi machozi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukwambia kwamba haoni vizuri, maana hajui kuona vizuri kukoje. Mzazi anakuja kugundua mboni imepinda umbo, au mtoto wa jicho ameshaingia, au presha ya jicho imepanda. Goti huenda limepona kabisa, na jicho linaendelea kuharibika.

Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani unasema mtoto aliye katika hatari kubwa achunguzwe macho kila miezi 3, kwa darubini ya mwanga mwembamba. Tochi ya kawaida haitoshi. Uvimbe ukionekana mapema, matone na dawa nyingine huweza kuokoa uwezo wa kuona.

Kuna kipimo kingine, RF. Kikiwa chanya mara mbili, vipimo vikipishana angalau miezi 3, mifupa ya viungo iko katika hatari zaidi ya kulika, na matibabu hayafai kusubiri.

Halafu kuna aina inayokuja na homa ya kila siku, pengine na vipele. Hapa tarakimu zinaweza kumdanganya mzazi. Kipimo cha ESR hupanda mwili ukiwa na uvimbe, basi kikishuka tunafurahi. Lakini ikiwa mtoto bado ana homa, amelegea, ESR imeshuka, chembe za kugandisha damu zimepungua na feritini imepanda sana, huenda kinga ya mwili imekosa breki na inashambulia ini na damu. Hali hiyo huua. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa hiyo tunzeni karatasi zote, za zamani na mpya, mwende nazo kliniki. Muulize daktari: “ANA ya mtoto wangu ikoje, na macho yatachunguzwa lini?” Mkiambiwa ni hasi, bado ombeni tarehe ya macho. Atapewa ya mbali kidogo kuliko mwenzake, lakini atapewa.