Sauti Iliyomo Ndani ya Video

Faili la video hubeba vitu viwili vilivyofungwa pamoja: mkondo wa picha na mkondo wa sauti. Jina linaloishia na mp4, ambalo ndilo linaloonekana kwenye simu nyingi za Nachingwea na Ruangwa, ni jina la kasha tu. Ndani ya kasha hilo picha imebanwa kwa mbinu yake, mara nyingi ile iitwayo H.264, na sauti imebanwa kwa mbinu nyingine, mara nyingi AAC. Mikondo hiyo haikuchanganyika. Inakwenda sambamba ikifuata saa moja, na kila mmoja unaweza kutolewa bila mwenzake kuguswa. Ndiyo maana kompyuta ya nyumbani, hata iliyozeeka, inaweza kutoa sauti ya sherehe ya saa tatu kwa muda mfupi.

Haja ya kufanya hivyo ni kubwa katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi. Simu inayorekodi kwa ubora wa 1080 hula takriban megabaiti 130 kwa kila dakika. Harusi ya saa tatu inazidi gigabaiti 20, mzigo ambao kifurushi cha intaneti cha mtu wa kawaida hakiubebi. Sauti ya saa hizo hizo, ikiwa kilobiti 128 kwa sekunde, haifiki megabaiti 180. Sabufa ya sebuleni na spika ya dukani husoma flashi au memori kadi, na hazina kioo cha kuonyesha picha. Mkulima aliyekosa mkutano wa chama chake cha msingi chini ya RUNALI, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, anataka kusikia kilichosemwa kuhusu mnada wa korosho, na sauti peke yake inamtosha. Kwa kwaya, kaswida na mawaidha hali ni hiyo hiyo.

Lakini jambo zito kuliko yote hayo ni ngoma na masimulizi ya wazee. Kimwera, lugha ya wenyeji wengi wa Ruangwa na Nachingwea, kina maandishi machache mno. Bibi anaposimulia, au mpiga ngoma anapoimba wimbo wa mavuno, video aliyoichukua mjukuu kwa simu inaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kusini huku kutoka Lindi hadi Masasi na uwanda wa Wamakonde. Alibeba vyombo viwili visivyohusiana: kamera ya filamu, na fonografu iliyorekodi juu ya silinda za nta. Filamu zake za ngoma zilikuwa bubu, na silinda moja ilimudu dakika chache tu. Picha na sauti ya ngoma moja havikuweza kukaa pamoja, na alivyovikusanya alikwenda navyo Ujerumani. Simu ya leo hufunga vyote viwili kwa mara moja, na rekodi yenyewe inaweza kubaki mikononi mwa wenye ngoma.

Kutoa sauti kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Njia ya kwanza ni kunakili mkondo wa sauti kama ulivyo, bila kuubana upya. Hakuna kinachopotea, na kazi huisha kwa sekunde chache kwa sababu kompyuta haikokotoi chochote kipya. Njia ya pili ni kuufungua mkondo huo na kuubana tena kwa mbinu nyingine, kwa mfano MP3. Mbinu kama hizi za kubana sauti hutupa kile ambacho sikio la binadamu haliwezi kukisikia vizuri, na kila ubanaji mpya hutupa tena, kama fotokopi ya fotokopi inavyozidi kufifia. Kwa hiyo nakala ya kuhifadhi itolewe kwa njia ya kwanza, na nakala ya kusikiliza ndiyo iende njia ya pili.

Kwa njia ya kwanza chombo kinachoaminika ni FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe vya kubofya, huandikiwa amri. Linaanza neno ffmpeg, kisha kistari na herufi i, kisha jina la faili la video. Hufuata kistari na herufi vn, maana yake picha iachwe. Kisha kistari, herufi c, nukta pacha, herufi a na neno copy, maana yake sauti inakiliwe ilivyo. Mwisho ni jina jipya linaloishia na m4a. Atakayeandika amri hiyo mara moja na kuihifadhi kwenye daftari hatalazimika kuitafuta tena.

Asiyependa amri atumie VLC, programu iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, nayo ni ya bure. Katika menyu ya kwanza kushoto, iitwayo Media, huchaguliwa Convert / Save, huongezwa faili la video, huchaguliwa muundo wa sauti wa MP3, hutajwa mahali pa kuhifadhi, kisha kazi huanza. Hii ni njia ya pili, yenye kubana upya, lakini kwa sabufa ndiyo inayofaa. Redio na sabufa nyingi za bei nafuu hazisomi m4a. Husoma MP3, mbinu iliyozaliwa katika taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani na kupewa jina hilo mwaka 1995. Kilobiti 128 kwa sekunde zinatosha kwa muziki wa kawaida. Ngoma zenye vishindo na kayamba zinastahili 192. Kwa hotuba ya mtu mmoja 64 zinatosha kabisa.

Tovuti zinazoahidi kubadili video bila programu yoyote ni za kuepukwa. Hula kifurushi mara mbili, kwa kupandisha na kushusha, na sauti ya mzee huishia kwenye kompyuta ya watu asiowajua.

Ubora wa sauti huamuliwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Video iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa tena njiani, kwa hiyo inafaa itumwe kama dokumenti, au ihamishwe kwa waya. Simu ikizimika kwa kuishiwa chaji katikati ya kurekodi, faili la mp4 mara nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni. Na simu iliyowekwa karibu mno na ngoma hurekodi vishindo vilivyokatwa vichwa. Hakuna programu inayorudisha kikamilifu kilichokatwa hivyo. Mvumo wa jenereta unaweza kupunguzwa kwa Audacity, programu nyingine ya bure, lakini kwa kiasi, maana ukipunguzwa sana sauti ya mtu hubaki ikisikika kama inatoka chini ya maji. Kaseti za zamani za VHS ni suala jingine. Hazina faili la kunakili, hivyo lazima mkanda uchezwe kwenye deki na kompyuta irekodi hadi mwisho wake.

Sauti ikishatoka hupoteza nyuso. Aliyekuwa akionekana anaimba sasa hajulikani, na faili liitwalo VID likifuatiwa na tarakimu halimwambii mtu kitu baada ya miaka kumi. Jina la faili lieleze ngoma, kijiji, tarehe na mwimbaji, na video ya asili isifutwe.

Kuna pia sauti zisizofaa kutolewa hata kama kompyuta inaweza. Nyimbo za ndani za jando na unyago ni za waliopitia humo, na faili dogo la sauti husambaa haraka kuliko video. Ruhusa iombwe kwa wazee wenye mila kabla ya kutoa, si baada ya kusambaa. Kwa nyimbo za wasanii, na hata kwa sanaa za jadi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatumika, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia hakimiliki za wasanii. Kusikiliza nyumbani ni jambo moja; kuwarushia watu nyimbo hizo kwa malipo kibandani ni jambo jingine, linalohitaji idhini ya mwenye kazi.