Kifusi cha Konkriti Kina Kazi Yake

Leo tuzungumze juu ya kile kifusi kinachobaki sakafu ya zamani ikivunjwa, au jengo likibomolewa kupisha barabara. Wengi wetu tunakipita tu, halafu tunachanga pesa za kununua lori la mawe ya kujaza msingi.

Kule Ujerumani, vita vilipokwisha 1945, miji mingi ilikuwa magofu. Akina mama wengi walishika nyundo na ndoo, wakachambua matofali na mawe, yakajengewa tena. Basi si kazi ya mashine peke yake.

Lakini tuelewane. Kuna wanaodhani ukiponda konkriti ya zamani mpaka iwe unga, utapata simiti tena. Hapana! Simiti ikishaganda imeganda. Kiwandani huchomwa kwa moto wa karibu digrii 1,450, na hakuna nyundo ya kufanya hivyo. Unachookoa ni mawe na kokoto. Simiti utanunua tu.

Pahali pake hasa ni chini ya sakafu. Chagueni vipande vigumu, vile vinavyolia ukivigonga, si vile vinavyomeng'enyeka mkononi. Ondoeni udongo, mbao, vioo na plasta laini. Jazeni tabaka la inchi 6 hivi, nyunyizeni maji, mshindilie mpaka pasicheze, ndipo muongeze lingine. Juu yake tandazeni mchanga, kisha konkriti mpya. Hata pale kisimani penye matope, kifusi kinafaa sana.

Mkitaka kukitumia kama kokoto, tuseme kwa njia ya miguu, kivunjeni vipande vya inchi moja, mchekeche vumbi, halafu mkiloweke usiku kucha na kukiacha kichuruzike. Konkriti ya zamani hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Ukiitia kavu, mchanganyiko unakauka haraka, fundi anaongeza maji ovyo, na hapo nguvu imekwisha.

Sasa, mama mmoja ameniuliza hapo nje: je, na sakafu ya choo cha shimo? Hapana, mama. Ile sakafu haina kitu chini yake ila shimo, na atakayesimama juu huenda akawa mtoto. Kwa choo, kwa nguzo, kwa boriti za juu ya milango na kwa tangi la maji, nunueni kokoto mpya iliyo safi. Wahandisi wenye maabara hukipima kifusi na kukitumia hata kwa kazi kubwa. Sisi tunapima kwa macho, na macho hayaoni ufa wa ndani.

Tena mkikuta vipande vya yale mabati ya kijivu ya asbesto, msivivunje wala msivichanganye na kifusi. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Vumbi la konkriti nalo ni baya: mwagieni maji kabla ya kugonga, vaeni miwani, na watoto wakae mbali.

Mwenye kifusi aombwe ruhusa kwanza, na katibu aandike makubaliano. Walio tayari waje Jumamosi asubuhi na nyundo na karai, tuanze na lile rundo lililo nyuma ya ukumbi.