Simu ya Upepo ya Askari

Wasikilizaji wa Naitiri, mtu atazamaye upande wa kaskazini-magharibi kutoka hapa huuona Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Kwa macho ni mlima mzuri. Kwa askari mwenye redio ni ukuta. Redio nyingi za vikosi vidogo hutumia mawimbi mafupi sana, ya megahezi 30 hadi 88, nayo huenda karibu kama mwanga wa taa: yakikutana na mlima, hukoma. Askari aliye Naitiri na mwenzake aliye Mbale hawatasikizana kwa redio hizo hata wakipaza sauti namna gani, isipokuwa uwekwe mtambo wa kupokezana huko juu mlimani.

Wazee wa Keya waliijua taabu ya namna hii. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma, wakati wa mvua kubwa. Njia ziligeuka matope, na vyakula na risasi viliangushwa kwa ndege. Basi kikosi kisichoweza kusema mahali kilipo kingeweza kushinda na njaa, na mizigo yake ikaanguka kwingine, pengine mikononi mwa Wajapani. Redio ya mgongoni ya miaka ile, kama namba 18 ya jeshi la Uingereza, ilikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 30, na sauti yake ilifika maili chache tu. Unyevu uliingia ndani ya vyombo, betri zikafa upesi. Mchukuzi alitembea ameinama, antena ikitikisika juu ya kichwa chake, shabaha njema kwa adui. Sifa za watu hao hazikuimbwa sana.

Redio za siku hizi huficha maneno kwa hesabu za siri, na nyingine huruka kutoka wimbi hadi wimbi mara nyingi katika sekunde moja, kwa mpango ujulikanao na wenziwe tu. Lakini dawa ya mlima ni ya zamani: mawimbi marefu zaidi, ya megahezi chache. Waya wa antena ukitandazwa karibu na ardhi, wimbi hupanda karibu wima, likagonga tabaka la juu la anga lenye umeme, kisha likarudi chini pande zote mbili za mlima. Usiku fundi hupunguza megahezi, maana tabaka hilo hudhoofika jua likitua. Asipofanya hivyo, wimbi hupenya na kupotelea mbinguni.

Hata hivyo, kila anenaye katika redio hujionyesha. Adui mwenye vyombo vya kupima aweza kujua wimbi latoka upande gani, ijapokuwa haelewi neno hata moja. Kwa hiyo mpiga simu hufundishwa kusema kwa ufupi, kungoja jibu, kisha kuhama.