Kiti cha udaktari hakinunuliwi: maneno kwa wafinalisti wa Bambu



Wengi kati yenu munasema munataka kuwa madaktari. Ni vizuri. Basi tuambiane ukweli: nani anapata kiti, na nani anakilinda mpaka mwisho?

Kwanza, asilimia ya Exetat. Kwa kupata diploma, 50 inatosha. Lakini ukienda kuomba udaktari Kisangani, Butembo ao Bukavu, utakuta wenzako wako na nyingi kuliko hiyo. Njo maana kuko watu wanauza majibu kwa simu. Musidanganyike. Asilimia ya kununua inakufungulia mlango, kisha inakuacha ndani peke yako. Mwaka wa kwanza ni kemia, fizikia na biolojia, yote kwa Kifaransa, na hakuna wa kukutumia majibu. Baba aliuza ngombe, mtoto anarudi mikono mitupu. Na yule anayenunua mpaka mwisho, mgonjwa njo atalipa.

Pili, kujiandaa mapema. Chagua sayansi tangu mwanzo, fanya mazoezi ya Exetat za zamani pamoja na wenzako, andika Kifaransa kila siku. Wazazi, tafuteni pesa ya miaka yote, hapana ya mwaka mmoja tu.

Tatu, kutokata tamaa. Daktari Denis Mukwege alianza na masomo ya uhandisi Kinshasa. Hakubakia pale. Akaenda Burundi kusoma udaktari, akamaliza mwaka 1983. Mwaka 2018 akapewa Nobeli ya Amani. Ukikosa kiti mwaka huu, si mwisho wa safari.

Nne, kujua watu wako. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2.200 Kivu ya Kaskazini na hapa Ituri. Chanjo ilikuwako, lakini wengi walikimbia timu sababu hawakuwaamini. Kijana anayejua kuongea na mama wa sokoni kwa lugha yake, akaaminiwa, huyo iko na kitu ambacho kitabu hakitoi.

Kwa wakubwa wa masomo tunaomba mambo mawili: simamieni Exetat bila kuuza, na bandikeni wazi bei ya masomo pamoja na majina ya waliopokelewa.

Na wewe mufinalisti, akikuletea majibu ya kuuza, kataa. Rudi kwenye kitabu.